Ndege Aliyoshikishwa Menza

Chai ilikaa upande.

Dhahabu alidhani ni meza. Akainama akachungulia miguu ya meza, iko sawa. Akatazama sakafu ya saruji, iko sawa. Kikombe chenyewe kimesimama wima. Chai ndiyo iliyokataa. Ilikuwa imepanda ukingo wa kushoto karibu imwagike, na upande wa kulia imeshuka mpaka ua lililochorwa ndani ya kikombe likaonekana, na imetulia vivyo hivyo, haitikisiki, mvuke wapanda taratibu. Ilikuwa saa saba ya mchana, jua la utosi, Mwakirunge nzima imenyamaza kwa joto, hata wavunja mawe wa timboni wamejilaza chini ya maturubai.

"Mayo," aliita kwa sauti ya chini, maana ndivyo walivyomwita mama yao, kwa Kigiriama. "Hebu tazama chai yako."

Mama huyo ndiye Menza. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, mwili umelalia kushoto, mkono wa kulia umekunja ngumi katikati ya magoti kana kwamba ameshika mpini. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakitazama kitu chochote cha nyumba ile.

Halafu pumzi ikamtoka, akakaa wima, na chai ikarudi mahali pake kwa kishindo kidogo, tone moja likaruka kwenye kitambaa. Menza akaomba sukari. Dhahabu akampa, akafuta meza.

Nyumba ile ilikuwa imeletewa mgeni, na aliyemleta ana jina, nami sioni sababu ya kumsitiri. Anaitwa Meja Gedion. Mstaafu wa jeshi, mtu wa bara, mwenye jumba Shanzu na bustani ya majani mabichi mwaka mzima. Kabla ya kustaafu alifundisha vijana kurusha ndege, zile ndogo za mafunzo zenye viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, kila mmoja na usukani wake. Mmoja wa vijana hao alikuwa Kiponda, kakake Dhahabu.

Sasa ndege ya namna hiyo haiongozwi na watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Meja Gedion alikuwa na neno lake. Akitaka kumwachia mwanafunzi, husema, "Shika!" Mwanafunzi hujibu, "Nimeshika!" Akishajibu, basi, ndege ni yake na litakalotokea ni lake. Kiponda alikuja na mchezo huo nyumbani kila likizo. Dhahabu akimpa sahani ya wali, "Shika!" Naye hukakamaa, kifua mbele, "Nimeshika, afande!" Mama yao akicheka mpaka machozi.

Mwaka juzi ndege ilianguka huko bara. Meja Gedion aliruka na mwavuli akatua kwenye shamba la mahindi, mguu umeteguka. Kiponda hakuruka. Jeneza lililetwa limepigwa misumari, na wakubwa wa jeshi wakasema lisifunguliwe. Wakaja tena baadaye na maneno yao: mwalimu amehojiwa, ameeleza, wakati wa ajali mwanafunzi ndiye aliyekuwa ameshika. Kosa la mwanafunzi. Wakanywa soda walizokaribishwa, wakapangusa midomo, wakaondoka. Dhahabu hakuzisahau zile soda.

Basi mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada, Meja Gedion akaja mwenyewe. Suti, viatu vyang'aa, na mikononi sanduku la kioo. Ndani yake kindege, mfano wa ndege ile ile, rangi nyeupe na chungwa, mabawa hayafiki urefu wa mkono. Kila kitu kilikuwemo, magurudumu, vifuniko viwili vya kioo vilivyofungwa, na chini ya kila kifuniko kijitu cha chuma kilichovaa kofia ya rubani.

"Mimi hukusanya vindege vya mfano, mama," alisema. "Ninavyo vingi nyumbani. Hiki nilitengenezewa na fundi kwa bati la ndege yenyewe, ile ya Kiponda. Nimeona mahali pake si kwangu. Ni kwako."

Menza alisimama, akajifuta viganja kwa leso, akanyoosha mikono yote miwili, kwa adabu.

"Shika, mama."

Akashika.

"Umeshika?"

Hebu niambieni, nani asingejibu? Mtu amekupa kitu cha kioo, akuuliza kama umekishika sawasawa, utanyamaza?

"Nimeshika, mwanangu."

Hapo ndipo Meja Gedion alipoachia. Dhahabu alimwona akishusha pumzi, mabega yamemlegea. Hata maji aliyokaribishwa hakuyanywa, alisema ana haraka.

Tangu hapo kila jua lilipofika utosini kulikuja mvumo. Kwanza Dhahabu alidhani ni mashine ya kusaga unga kule kituoni, akasahau kwamba mashine ile ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Halafu ikaja harufu ya petroli, ndani ya nyumba isiyokuwa na hata pikipiki, na nyuma ya petroli harufu ya nywele zinazoungua. Na kila siku mama alilala kushoto zaidi, maji ya mtungini yakilala pamoja naye, mchuzi sufuriani ukilala pamoja naye, mpaka ikafika siku ambayo saa saba ilipita na mvumo ukanyamaza na kila kitu kikarudi sawa isipokuwa ule mkono wa kulia, ambao ulibaki ngumi, vidole vimekaza, kucha zimezama kiganjani, na Dhahabu alipojaribu kuvifungua kimoja kimoja kwa mafuta ya nazi mama yake alimtazama kwa jicho kali.

"Niache," alisema Menza. "Wataka aanguke?"

"Nani, mayo?"

Menza akageuza uso ukutani.

Dhahabu alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Shanzu. Aliomba ruhusa akakaa nyumbani. Alimlisha mama yake kwa kijiko, akamwogesha, na adhuhuri ilipokaribia alifunga mlango ili majirani wasione. Na siku aliyosikia maneno, alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kiti, amemshika mama yake magoti asidondoke, maana kiti chenyewe kilikuwa kimeinua miguu miwili juu ya sakafu na hakianguki, mvumo umejaa chumba kizima mpaka mabati ya paa yatetemeka, halafu mvumo ukakatika ghafla, kimya kikaingia, kimya cha kitu kizito kilichoko juu kisicho na cha kukizuia, na kinywani mwa mama yake ikatoka sauti ya mwanamume.

"Afande, mashine imezima."

Kimya.

"Umesema nishike. Nimeshika."

 Halafu ile sauti ikawa nyembamba.

"Afande, mbona wafungua kifuniko?"

Dhahabu alitazama sanduku la kioo pale juu ya kabati. Kifuniko cha nyuma cha kile kindege kilikuwa wazi. Kijitu cha nyuma hakipo. Cha mbele kipo.

Hofu aliyokuwa nayo ilimwisha pale pale. Iliyoingia badala yake ilikuwa hasira. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa! Mashine imeshakufa, mtu mzima, mwalimu, na nishani kifuani, anamwambia kijana wa watu ashike, ili ajali ikitokea iwe ya kijana, halafu yeye huyoo na mwavuli wake! Na hiyo haikumtosha. Alipozidiwa na alilolitenda, alilibeba kwenye sanduku la kioo akaja kumtwika mama mtu. Mbwa yule! Dhahabu alisema mengine pia, ambayo hayasemeki mbele ya watoto.

Mchungaji wao alikuja akaomba mpaka shati likalowa. Adhuhuri ilipofika Biblia yake iliteleza mezani kwenda kushoto, mezani pasipo mteremko wowote, ikadondoka. Akaiokota, akaipangusa, akakumbuka kwamba ana mazishi mahali. Dhahabu hakumlaumu. Jioni ile alikwenda kwa Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa jirani, mwenyeji wa zamani, muuza viazi karai, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake. Watu walijua anapunga majini, lakini yeye mwenyewe hakupenda kuombwa. "Nyinyi wa kanisani mwanijia mkishazidiwa," alisema, ila alifuata. Aliwasha ubani, akazunguka chumba, akainusa hewa, akakitazama kindege, akautazama mkono wa Menza. Halafu akautia ubani maji.

"Huyu hapungwi," alinong'ona.

"Kwa nini, Bi Mishi?"

"Angekuja mwenyewe ningempunga. Huyu kakabidhiwa. Mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo. Mamako kasema kashika, na wallahi kashika."

"Ni jini, au ni kakangu?"

"Jini huvaa nguo yoyote aikutayo imeangikwa, mwanangu. Huyu kavaa kifo cha kakako. Ndani mna nani, sijui, wala sitaki kujua. Nijualo ni kwamba yuwashuka. Kila siku yuwashuka. Akifika chini na mamako mkononi, hapana kesho."

"Nifanye nini?"

Bi Mishi alimvuta nje, chini ya kamba ya nguo, akasema kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia. "Arudi kwa njia aliyojia. Mamako akukabidhi wewe kwa kinywa chake, nawe ukamkabidhi yule mwanaharamu. Naye ajibu. Asipojibu ni bure. Na uende mbio, maana ukishashika wewe, anayeshuka ni wewe."

Lakini Menza hakutaka kuachia. Alilala na lile sanduku, alikula nalo pajani. Dhahabu alipoligusa tu alifokewa. Basi kesho yake, jua likianza kuwa kali, alikuja na kitambaa kibichi, akatabasamu, na Mungu ndiye anayejua tabasamu lile lilimgharimu nini.

"Mayo, kioo kimejaa vumbi la timboni. Uso wa Kiponda hauonekani. Nipe nikipanguse."

Menza alilitazama sanduku. Kweli lilikuwa na vumbi. Alilisukuma kwa mkono ule mzima, polepole.

"Usilivunje. Shika vizuri." Akasita. "Umeshika?"

"Nimeshika, mayo."

Uzito ulimwingia Dhahabu kuanzia viganjani hadi kisogoni. Bi Mishi alikuwa mlangoni na bodaboda iko tayari, inaunguruma. Dhahabu alilifunga sanduku kwa leso akatoka mbio, na nyuma yake akamsikia mama yake akiita, mara ya kwanza kwa jina lake, mara ya pili kwa jina la Kiponda.

Njia ya Shanzu anaijua, ameipita miaka. Siku hiyo ililala kushoto. Nyumba zililala kushoto, minazi ililala kushoto, mwenye boda aliendesha akiimba kama kawaida huku Dhahabu nyuma yake anang'ang'ania kiti asiporomoke upande ambao hakuna mwingine aliyeuona, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo mkono wake wa kulia ulivyojikunja wenyewe, kidole baada ya kidole, na petroli ikamjaa puani, na akaanza kuiona ardhi jinsi inavyoonekana kutoka juu, mashamba madogo ya rangi mbalimbali, mahindi, barabara nyembamba, vyote vyazunguka polepole na kila vikizunguka vimekuwa vikubwa zaidi, na juu ya yote hayo kitu kimoja tu kilimfanya asipige kelele, nacho ni kwamba alikuwa amekasirika mno.

Meja Gedion alikuwa sebuleni, chakula mezani. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Kuta zote zilikuwa rafu, na kwenye rafu vindege, vya vita, vya abiria, vya kila rangi, vimepangwa kwa mstari na kila kimoja na kibao chake cha jina. Alimwona Dhahabu, akaiona leso na umbo lililomo ndani, akasimama upesi na kuficha mikono nyuma ya mgongo.

"Sishiki kitu mimi," alisema. "Toka na hicho."

"Ulimpa mama yangu."

"Dada, ongea polepole."

"Usiniite dada! Ulimjia siku ya ibada, umevaa suti, ukampa. Ulijua ni nini."

 "Wewe hujui alivyonitesa. Mke wangu alihama. Nilikuwa silali. Mtaalamu akaniambia ni lazima apokewe na mtu, kwa hiari yake. Nikafikiri... ni mwanawe. Hawezi kumdhuru mama yake mzazi."

"Ulifikiri!" Dhahabu alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Na ulifikiri nini ulipomwambia ashike, mashine ishazima?"

Meja Gedion hakukana. Alitazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mtu akiona kifo hafikirii."

"Yeye alikiona pia. Alikaa akashika, kwa sababu wewe ulimwambia."

Maji kwenye gilasi ya mezani yalikuwa yameanza kupanda ukingo. Meja aliyaona. Alirudi nyuma hatua moja, mikono bado mgongoni, na kwenye rafu ya juu kindege cha kwanza kikateleza, kikaanguka, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, vyote vyaelekea kushoto, vyavunjika sakafuni kimoja baada ya kingine, na mvumo ukaja, ukajaa, ukakatika. Ikawa kimya kile. Sakafu ilimtoka Dhahabu miguuni. Aliona mahindi, aliona majani ya mahindi, aliona hata kiatu cha mtu kilichosahauliwa kwenye mtaro, na kwa pumzi yote aliyobakiwa nayo alipaza sauti.

"Afande! Inaanguka! Shika!"

Na mikono ya mwalimu ilitoka yenyewe. Miaka yote ya kukaa nyuma ya vijana wanaotetemeka ilikuwa ndani ya mikono ile, na iliruka mbele kabla mwenyewe hajaizuia, ikalikamata lile sanduku, na kinywa kikatamka lile ambalo siku ile kilipaswa kulitamka na hakikulitamka.

"Nimeshika!"

Dhahabu akaachia.

Alijikuta amesimama wima kwenye sebule ya mtu, vipande vya vindege vimetapakaa, vidole vyake vimefunguka. Meja Gedion alikuwa ameketi sakafuni, sanduku pajani, mwili umeanza kulalia upande. "Dhahabu," alinong'ona. Kumbe jina lake alilijua. "Dhahabu, tafadhali, nina wajukuu." Dhahabu alitoka, akaufunga mlango, akalifunga na lango pia. Alikuwa amefurahi. Nasema alivyokuwa, kama kuna wa kumlaumu na amlaumu.

Alirudi Mwakirunge amesimama nusu ya njia kwenye vikanyagio vya boda kwa furaha, mwenye boda akimwambia atamwangusha. Bi Mishi alikuwa kizingitini. Hakutabasamu. Ndani, Menza alikuwa amesimama katikati ya chumba, wima kabisa, anautazama mkono wake wa kulia uliofunguka, makovu ya kucha katikati ya kiganja.

"Mayo!" Dhahabu alipasuka kwa kilio. "Mayo, umepona!"

Mkono ule uliinuka ukampiga kofi la uso. Dhahabu aliona nyota.

"Ulisema wapangusa vumbi," alisema Menza.

"Mayo..."

"Ulisema uso wake hauonekani. Mwanangu yuko wapi?"

"Hakuwa Kiponda, mayo. Lilikuwa jini. Nimelirudisha kwa yule aliyelileta."

"Kwa yule." Menza alilirudia neno hilo taratibu. "Siku ile alianguka peke yake. Mimi nilikuwa hapa nachambua mchicha, sijui lolote, nachambua mchicha! Jeneza mkakataa nisilifungue, wewe na wale wanywa soda. Sasa kila mchana alikuwa akishuka nami nimo. Nimemshika mkono. Nilikuwa nimekaribia kumwona uso, Dhahabu, bado kidogo tu. Nawe umemchukua ukampeleka kwa yule yule aliyemruka akamwacha?"

"Ungekufa, mayo!"

"Nani alikwambia sikujua?"

 Menza aliokota leso nyingine kitandani akajifunga kiunoni, akaikaza. Akatafuta viatu vyake chini ya kabati, akavivaa, akaviweka sawa kwa vidole vilivyokuwa havijafanya kazi kwa siku nyingi. Bi Mishi alijaza mlango kwa mwili wake.

"Mama Kiponda, sikiza. Si mwanao yule."

"Ulimzaa wewe?"

 Menza alimsogeza kwa bega akapita. Dhahabu alimkimbilia huku amejishika shavu, amwita, amwomba, lakini mama yake alikuwa ameshafika barabarani, jua lampiga utosini, anamwuliza mwenye boda kama aijua nyumba ya Meja Gedion.